Kocha apimwe kwa uamuzi, siyo kwa ubao

Zilibaki sekunde 48. Ubao wa Uwanja wa Orange Bowl ulisoma wenyeji Miami 31, Nebraska 30. Ilikuwa Januari 2, 1984, na ubingwa wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu ulikuwa unaning'inia hewani. Nebraska hawakuwa wamefungwa msimu mzima, walikuwa namba moja, na walikuwa wametoka nyuma kwa pointi 14 mpaka kubakiza moja. Teke moja tu lingetosha.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, hesabu zake ni hivi. Timu ikiuvusha mpira mstari wa mwisho inapata pointi 6, kisha inapewa nafasi ya nyongeza. Inaweza kupiga teke mpira upite katikati ya nguzo ipate pointi 1, na teke hilo karibu kila mara huingia. Au inaweza kujaribu kuuvusha tena kutoka yadi 3 ipate pointi 2. Jaribio hili hukwama mara nyingi kuliko linavyofaulu.

Mwaka ule mchezo wa vyuo haukuwa na muda wa nyongeza; huo ulikuja 1996. Wala hapakuwa na fainali, bingwa alipatikana kwa kura. Sare ya 31-31 ingewaacha Nebraska bila kufungwa, na wengi waliamini kura zingewaangukia wao.

Kocha wao, Tom Osborne, akaikataa sare. Akaita pointi 2. Mrushaji wake, Turner Gill, akautuma mpira kwa Jeff Smith, lakini beki Kenny Calhoun akaufikia kwa vidole na ukaanguka chini. Miami wakawa mabingwa.

Je, Osborne alikosea? Jibu linategemea unamuuliza nani, na zaidi linategemea vidole vya Calhoun. Kama beki yule angechelewa nusu hatua, leo hadithi ingekuwa ya kocha jasiri aliyekataa ubingwa wa sare. Uamuzi ungekuwa ule ule, wachezaji wale wale, mpango ule ule.

Hapo ndipo penye kosa la mashabiki, na wachambuzi wengi tu. Wanasubiri matokeo, halafu wanarudi nyuma kuuhukumu uamuzi. Mashabiki wa Simba na Yanga wanaujua mtindo huu bila kufundishwa: kocha akimtoa mshambuliaji dakika ya 80 akaingiza beki, timu ikilinda bao ni fundi, ikisawazishiwa ni mwoga na afungashe virago. Kumbe swali la haki ni moja tu. Kabla mpira haujachezwa, kocha alijua nini, na alichochagua kilikuwa na mantiki?

Tazama upande wa pili wa sarafu. Januari 1, 2007, Glendale, Arizona. Boise State, chuo ambacho wakubwa hawakukipa uzito, wanakutana na Oklahoma kwenye Fiesta Bowl. Kocha Chris Petersen yuko kwenye msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu. Boise waliongoza 28-10, wakasawazishiwa, kisha mpira wao ukanaswa na kurudishwa mpaka mstarini. Ghafla 35-28, dakika moja na ushee imebaki.

Wakafika jaribio la nne na la mwisho, wanahitaji yadi 18. Drisan James akadaka, akavuta mabeki wote upande wake, halafu akamtupia pembeni Jerard Rabb aliyekuwa anapita kasi kinyume naye. Rabb akaingia zikiwa zimebaki sekunde 7. Ikawa 35-35.

Muda wa nyongeza, Adrian Peterson wa Oklahoma akakimbia yadi 25 katika mchezo wa kwanza kabisa. Boise nao wakajibu, tena kwa mpira uliorushwa na Vinny Perretta, ambaye si mrushaji. 42-41. Teke lingeleta sare na kuendeleza mechi. Petersen akakataa. Jared Zabransky akajifanya anarusha kulia, kumbe mpira kauficha nyuma ya mgongo, na Ian Johnson akauchukua akaenda nao kushoto bila kuguswa. 43-42. Dakika chache baadaye Johnson akapiga goti mbele ya kamera kumchumbia mpenzi wake, lakini hilo ni la kurasa nyingine.

Watu wanaukumbuka ujanja ule, wanasahau hesabu iliyokuwa chini yake. Kadiri mechi inavyorefuka ndivyo timu yenye wachezaji wengi wazito inavyonufaika, na timu hiyo haikuwa Boise. Kuirefusha mechi kulikuwa hatari pia, ila hatari hiyo haionekani kwenye picha. Petersen hakurusha shilingi. Alichagua kumaliza kazi kwa mchezo mmoja ambao Oklahoma hawakuutarajia.

Lakini isiwe tabu, kutetea uamuzi wa kishujaa hakumaanishi kila ushujaa ni akili. Oktoba 14, 2023 Oregon walifungwa 36-33 na Washington, na kocha Dan Lanning aliangushiwa mzigo wote kwa sababu alikataa teke mara tatu katika jaribio la nne na mara zote akatoka kapa. Ile ya mwisho kabla ya mapumziko anastahili lawama. Alikuwa mlangoni kabisa, sekunde zimekwisha, pointi 3 ziko mezani, naye akaondoka na sifuri katika mechi aliyoipoteza kwa pointi 3.

Ile ya mwisho wa mechi ni kesi nyingine. Oregon walikuwa mbele 33-29, zimebaki dakika 2 na sekunde kadhaa, wanahitaji yadi 3 karibu na katikati ya uwanja. Wangezipata, mechi ilikuwa inakaribia kufungwa. Kupiga mpira mbali kungempa Michael Penix, mmoja wa warushaji hatari zaidi msimu ule, nafasi ya kushambulia akiwa na muda wa kutosha. Lanning akawaamini vijana wake, wakakwama, Penix akamaliza kazi kwa michezo miwili. Hata hivyo Oregon walipata teke la kusawazisha la yadi 43 sekunde ya mwisho, likatoka nje. Lingeingia, kelele zote zile zingekuwa nusu.

Lanning mwenyewe alisema lawama ni zake. Chuo hakikumfukuza. Msimu uliofuata Oregon walitwaa ubingwa wa Big Ten bila kupoteza mechi hata moja, na Osborne, yule wa sare iliyokataliwa, alibaki Nebraska mpaka akaupata ubingwa wa taifa 1994, tena 1995, tena 1997.