Teleki Hakuligundua Ziwa, Alifikishwa

Muhula uliopita nilikatwa alama mbili kwa sababu ya kitenzi kimoja. Zoezi lilikuwa la tafsiri. Sentensi ya Kiingereza ilisema kwamba Teleki, kabaila wa Hungaria, ndiye aliyegundua Ziwa Rudolf mwaka 1888. Mimi nikaandika: "Mwaka 1888 Teleki alifikishwa kwenye ziwa ambalo leo tunaliita Turkana." Karatasi iliporudi, kitenzi changu kilikuwa kimepigwa mstari mwekundu, na pembeni imeandikwa: "Aligundua. Tafsiri, usihariri."

Nakiri mbele yenu, walimu wangu na wanafunzi wenzangu, kwamba katika tafsiri mwalimu alikuwa na haki. Mfasiri ni mjumbe, na mjumbe hapewi ruhusa ya kubadilisha ujumbe kwa kuwa haumpendezi. Sizidai zile alama mbili. Ninachokidai ni kikubwa zaidi: tukiwa tunaandika wenyewe, kwa Kiswahili chetu, katika vitabu vyetu, tuache kusema kwamba Teleki aligundua ziwa lile. Maana hapo hatuna tena kisingizio cha utumwa wa matini. Hapo kitenzi ni chetu, na uongo ukiwemo ni wetu pia.

Tuanze na mtu mwenyewe, tusimwonee. Sámuel Teleki alizaliwa tarehe 1 Novemba 1845 katika kijiji cha Sáromberk, Transylvania, katika ukoo mkubwa wa kikabaila. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu mwaka 1848, wakati wakulima wa nchi ile waliokuwa wamefungwa kwenye ardhi za mabwana walipofunguliwa kwa sheria. Mwaka huo huo Wahungaria waliinuka dhidi ya ufalme wa Habsburg, na mwaka 1849 wakavunjwa kwa msaada wa majeshi ya Urusi. Mwaka 1867 wakubwa wa pande mbili wakapatana, ikazaliwa dola ya Austria na Hungaria. Kwa hiyo Teleki alikulia katika taifa lililojua kushindwa, na tabaka lililojua kutawala. Mwaka 1881 akaingia katika bunge la Hungaria. Alikuwa tajiri, mpenda kuwinda, na rafiki wa Rudolf, mrithi wa kiti cha ufalme.

Alipopanga kuja Afrika Mashariki kuwinda, Rudolf ndiye aliyemshawishi aelekee kaskazini, kwenye ziwa ambalo habari zake zilikuwa zimekwisha kusikika Ulaya. Zingatieni hilo. Habari za ziwa lililoko mbele ya Baringo zilikuwa zimetangulia, na hazikuletwa na ndege. Mwaka 1870 Shirika la Kijiografia la London lilichapisha maelezo ya njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, yaliyokusanywa na mmisionari Thomas Wakefield. Sehemu kubwa ya maelezo hayo ilitoka kinywani mwa Sadi bin Ahedi, mtu wa karibu na Gazi, kusini mwa Mombasa, aliyekuwa amezikanyaga njia hizo kwa miguu yake. Kabla Teleki hajafunga mizigo, watu wa pwani walikuwa wamewasomea Wazungu ramani kwa mdomo.

Teleki aliondoka Pangani mapema mwaka 1887, pamoja na Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria. Nyuma yao walikuwa mamia ya wapagazi, wengi wao wakiwa wameandikwa Unguja na Pangani, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30: nguo, shanga, nyaya, risasi, mahema. Katika misafara ya zama hizo baadhi ya wapagazi walikuwa watumwa, na mabwana zao waliobaki pwani walichukua sehemu ya ujira. Pamoja nao alikuwepo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameshafuatana na Joseph Thomson katika nchi ya Wamasai. Msafara ulipita Taveta, ukapanda sehemu ya Kilimanjaro, ukapita Ukikuyu kwa mapigano, ukafika Mlima Kenya, ukashuka Baringo. Huko njaa ikawakamata. Mbele ya Baringo walitegemea wenyeji wa kuwaonyesha njia na maji. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa njaa, kiu na maradhi. Mwanzoni mwa Machi 1888 waliliona ziwa. Teleki akalipa jina la Rudolf. Mwezi uliofuata walifika kwenye ziwa jingine dogo, akalipa jina la Stefanie, mke wa Rudolf. Oktoba walikuwa Mombasa.

Kando ya ziwa lile kubwa walikuwepo Waelmolo, wavuvi, wakivua samaki kama walivyovua jana yake. Wasamburu walikuwa na jina lake. Waturkana wa upande wa magharibi waliishi kwa maji yake. Sasa niambieni, wenzangu: nani kati ya watu hawa alikuwa hajui kwamba ziwa lipo? Kugundua ni kujua jambo ambalo lilikuwa halijulikani. Jambo lililokuwa halijulikani kwa Vienna na Budapest tu linaitwa jambo lililochelewa kufika Vienna na Budapest.

Nataja sasa hoja tatu za wanaonipinga, maana nimezisikia bwenini na nimezisikia darasani.

Ya kwanza husema: hilo ni neno tu, kuna mambo makubwa zaidi. Wanaosema hivi wamekaa miaka mitatu wakisoma Kiswahili! Kama neno ni "tu", tunasoma nini? Hebu tutumie elimu tuliyofundishwa. Chukua kitenzi fika. Kiongeze kauli ya kutendesha, unapata fikisha. Kiongeze kauli ya kutendwa, unapata fikishwa. Viambishi viwili vinaingia, na pamoja navyo wanaingia watu mia kadhaa waliokuwa wamefutwa. Ukisema "Teleki aligundua", sentensi ina mtu mmoja. Ukisema "Teleki alifikishwa", msikilizaji anauliza mara moja: na nani? Swali hilo ndilo somo la historia linapoanzia.

Ya pili ni nzito zaidi, na nimeifikiria sana. Husema: Höhnel alipima, akachora ramani, akaandika kitabu, kisichoandikwa hakijagunduliwa. Sikatai kazi ya Höhnel. Kupima latitudo huku unaumwa na una njaa si mchezo, na ramani yake ni kazi ya kweli. Basi tuseme alipima. Tuseme alichora. Vitenzi hivyo tunavyo na vinamtosha. Lakini msiniambie kwamba watu wa pwani hawakuandika kwa kuwa hawakuwa na la kuandika. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wasafiri wenyewe kwa Kiswahili. Humo yumo Salim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na Mjerumani mmoja mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Salim aliona mito na miji ambayo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuisimulia. Hakuna anayesema aliigundua Siberia. Tunasema alisafiri, aliona, akasimulia. Kama Salim alisafiri tu, kwa nini Teleki agundue?

Hoja ya tatu husema kwamba nina chuki na Wazungu. Hapana. Sitaki hata jina la Teleki lifutwe. Volkano iliyoko kusini mwa ziwa ina jina lake, na bonde moja la Mlima Kenya pia, na yabaki. Serikali ya Kenya ililibadilisha jina la ziwa mwaka 1975 likawa Turkana, na ikawa sawa. Na kama mtu anadhani jambo hili ni la Waafrika peke yao, atazame kijiji alichozaliwa Teleki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Transylvania ilikwenda Rumania, na Sáromberk leo kwenye ramani inasomeka Dumbrăvioara. Hakuna Mhungaria atakayekubali umwambie kwamba Warumania walikigundua kijiji kile. Haki hiyo hiyo ndiyo ninayowaombea Waelmolo.

Kwa nini jambo hili linaniuma mimi, mtoto wa Gatsata? Anayeijua Kigali anajua Gatsata ni nchi ya magaraji. Baba yangu mdogo ni fundi wa malori hapo, chini ya barabara inayopanda kuelekea Gatuna. Kiswahili changu cha kwanza nilikiokota pale, kwa madereva wa Mombasa na Kampala waliolala chini ya magari yao wakisubiri vipuri. Nikiwa kidogo niliona lori limefungwa siku tatu. Vijana wawili wenye oveloli nyeusi kwa grisi waliingia chini yake, wakafungua gia boksi nzima, wakakipata kilichovunjika. Siku ya nne mwenye garaji akafika na shati safi, akawasha injini, akamwambia mteja, "Nimekutengenezea." Jioni nikamuuliza baba mdogo mbona hakusema kitu. Akanijibu, "Mwanangu, yeye ndiye anayeandika risiti."

Jibu hilo sijalisahau, na nilipoisoma habari ya Teleki nililikumbuka. Mwenye kuandika risiti amekuwa ndiye fundi. Lugha ya msafara ule ilikuwa Kiswahili: kwayo watu waliandikwa kazi, waligombana, waliomba maji, walizikana. Kisha tunakuja sisi, wasomi wa lugha hiyo hiyo, tunaitumia kumwandikia bosi risiti.

Ziwa lenyewe lina mfano bora kuliko wangu. Mwaka 1984, pale Nariokotome, magharibi mwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu kati ya kokoto. Kikatokea kiunzi cha kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Hapo ndipo kitenzi kugundua kinapokaa sawasawa: hapakuwa na mtu hai aliyejua kwamba mfupa ule upo. Lakini waulizeni wanafunzi wa mwaka wa kwanza nani aliyemgundua Kijana wa Turkana. Wengi watamtaja Richard Leakey, aliyekuwa kiongozi wa utafiti. Basi mjue tunavyokosea mara mbili kwenye ziwa moja. Neno tunampa aliyefikishwa, tunamnyima aliyegundua.

Na sisi Wanyarwanda tusicheke. Mwaka 1894 kabaila mwingine, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, alivuka Rwanda akiwa na msafara uliotoka Pangani, bandari ile ile. Alipokewa na Mwami Kigeli Rwabugiri, mtawala aliyekuwa na majeshi na mipaka anayoijua, lakini bado yupo mtu wa kuniambia kwamba Götzen "aligundua" Ziwa Kivu. Ng'ambo ya bonde la Nyabugogo tunayo nyumba ya makumbusho yenye jina la Richard Kandt, na tunakariri kwamba Kandt alianzisha Kigali mwaka 1907. Kituo cha utawala alikianzisha, ndiyo. Mlima Kigali na jina lake alivikuta.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Vitabu vya kufundishia vitaandikwa, na baadhi yenu mnaosoma hapa ndio mtakaoviandika. Ombi langu ni dogo. Mkimfikia Teleki, andikeni kwamba aligharimia msafara, aliongoza, aliwinda, alifikishwa ziwani. Kwa Höhnel andikeni alipima na kuchora. Mtajeni Jumbe Kimemeta kwa jina. Semeni kwamba wapagazi walibeba, na kwamba wengi hawakurudi. Kila mmoja apewe kitenzi alichokifanyia kazi.

Kuna neno moja ambalo walimu wetu wa zamani walilichagua vizuri. Vitabu vingi vya historia vya Kiswahili huwaita watu kama Teleki wapelelezi, neno lile lile tunalomwita askari anayechunguza kesi. Mpelelezi huja kuuliza wanaojua, kisha anakwenda kumwambia aliyemtuma. Rudolf aliuliza, na Teleki akarudi na jibu. Waliolijua jibu tangu mwanzo ndio wanaosubiri kuandikwa.