Shoro wa Basra: Mgeni au Mwenyeji?

Kila mwaka, wakati wa mvua za vuli, ndege mdogo wa rangi ya kahawia huingia Afrika Mashariki usiku, bila kutambuliwa na wengi. Huyo ni shoro wa Basra. Huzaliana katika matete ya vinamasi vya kusini mwa Iraki, penye mito ya Hidekeli na Frati, na majira ya baridi ya huko huyapitisha katika vichaka na nyasi ndefu za kando ya maji, toka Kenya hadi Msumbiji. Delta ya Mto Tana ni mojawapo ya makao yake muhimu.

Kumwita mgeni ni kupotosha. Iraki hukaa miezi michache ya kuzaliana. Sehemu kubwa ya mwaka huwa safarini au Afrika. Naye mwenye nyumba mbili za lazima huangamia ikibomolewa hata moja.

Nyumba ya kwanza imekwisha kuonja msiba huo. Katika miaka ya 1990 serikali ya Iraki ilijenga matuta na mifereji ya kuondoa maji. Kufikia mwaka 2000 takriban asilimia 90 ya vinamasi ilikuwa imekauka. Mwaka 2003 wananchi walianza kuyabomoa matuta, na maji yakarudi katika baadhi ya sehemu. Hata hivyo, ndege huyu angali katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Itafaa nini basi Iraki kurudisha maji, iwapo vichaka vya Tana vitafyekwa ili kupanda miwa, kama ilivyokusudiwa katika miaka ya 2000?

Wako wasemao kwamba binadamu kwanza, ndege baadaye. Hoja hiyo ina uzito, lakini hapa haina mahali. Mafuriko yanayolowesha makao ya shoro ndiyo yanayorutubisha mpunga wa Mpokomo na kuotesha malisho ya kiangazi ya Muorma. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kenya iliagiza kwamba matumizi ya ardhi ya delta yapangwe pamoja na wakazi wake. Agizo hilo halina budi kutimizwa kwa vitendo.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Delta itakayomhifadhi shoro itamhifadhi na mkulima.