BUIBUI SI MWENYE KOSA

Ndugu wafanya kazi wa reli,

Tumebandikiwa tangazo katika landhi zetu: kila mpangaji anunue dawa ya kupuliza kwa pesa zake, kwa kuwa buibui wamezidi, na ati wamezidi kwa sababu wake zetu hawafagii. Maneno hayo nayakataa.

Buibui hufuata chakula chake, nacho ni mbu, nzi na mende. Mbu wanatoka wapi? Katika mtaro ulioziba nyuma ya landhi. Mende wanapita wapi? Katika nyufa za kuta, ambazo fundi hakuletwa kuziziba. Je, mtaro ni wa nani? Ukuta ni wa nani?

Tena mwaka wa 2005 wenye elimu walionyesha ya kuwa kando ya Ziwa Victoria yuko buibui mdogo arukaye, ambaye hupenda zaidi kula mbu aliyeshiba damu. Tukimpulizia dawa huyo tunaua askari wetu, na mbu wanazaliwa tena mtaroni.

Ya kwetu tutafanya: kuondoa utando kwa ufagio mrefu kila juma, kutorundika mbao na masanduku ukutani, na kuzima taa ya nje isipohitajiwa, maana huita wadudu. Na mwenye nyumba afanye yake: mtaro uzibuliwe, nyufa zipigwe simiti, madirisha yatiwe wavu.

Mpaka hapo, tusitoe hata senti moja ya dawa. Kodi tumekwisha lipa.