Mgeni wa tromboni akiondoka, nini kinabaki?

Wiki iliyopita tulirusha hewani rekodi ya bendi ya jazi ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, wakiwa na mgeni anayepuliza tromboni. Muziki haujaisha, msikilizaji wetu mmoja wa Mkumbi akatuma ujumbe. Alitaka kujua ala hiyo ni ipi, na kwa nini mtu mzima aliyebobea akapige na wanafunzi. Swali la pili linatugusa sisi wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa kuliko linavyoonekana.

Tromboni ni ala gani?

Ni ndugu wa tarumbeta. Tarumbeta lina vitufe vitatu vya kubonyeza. Tromboni ina mrija unaosukumwa mbele na kurudishwa kwa mkono. Ukiusukuma, njia ya hewa inarefuka na sauti inashuka. Mikao ya mkono ni saba, lakini mrija hauna alama ya kuonyesha pa kusimama. Mpulizaji anaongozwa na sikio lake. Kwa hiyo sauti ya tromboni huteleza kama ya mwimbaji, na huwezi kujifunza ala hii kwa kitabu peke yake. Lazima ukae karibu na anayeijua.

Kwa nini mgeni aalikwe?

Chuo kinachoitwa leo University of North Texas kilianza kutoa shahada ya jazi mwaka 1947, na vingine vingi vikafuata. Katika vyuo hivyo ni kawaida kumwalika mpigaji mzoefu. Hufika kabla ya onyesho, hufanya mazoezi na wanafunzi, huwasahihisha, kisha jioni hupanda nao jukwaani. Katika jazi, solo hutungwa papo hapo. Mwanafunzi anayepiga nyuma ya mgeni lazima amsikilize na kumjibu. Jioni moja ya namna hiyo humfunza jambo ambalo ubao wa darasani hauwezi.

Afrika tunao mfano wetu. Jonas Gwangwa wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1937 na kufariki 2021, alianza tromboni akiwa kijana katika bendi iliyoanzishwa shuleni Johannesburg kwa msaada wa padri Trevor Huddleston. Huddleston huyo ndiye aliyekuja baadaye kuwa Askofu wa Anglikana wa Masasi, hapa kusini kwetu, kuanzia 1960 hadi 1968. Gwangwa aliishi uhamishoni miaka mingi, akaongoza kundi la Amandla la chama cha ANC, akiwapika vijana wengine wa uhamishoni. Mtu mzima mmoja aliwapa watoto ala na nafasi ya kujifunza, na mmoja wa watoto hao akaja kuwafunza wengine.

Na sisi je?

Sisi tulikuwa na utaratibu wetu: mganda. Watafiti wa historia wanaihusisha ngoma hii na beni, iliyoiga bendi za jeshi na kuenea pamoja na askari na wapagazi wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 na baada yake. Wazee wetu hawakuwa na shaba. Walichukua vibuyu, wakatoboa tundu, wakaliziba kwa utando wa buibui, na kibuyu kikalia kama lipenga la bendi. Wakapanga mistari, wakavaa sare, wakagawana vyeo. Wanawake wa mwambao nao wana kioda yao.

Kiangazi, baada ya mavuno, kikundi cha kijiji kimoja kilialika kikundi cha kijiji kingine. Wageni walilishwa, walicheza, walishindana na wenyeji. Kijana aliyesimama pembeni aliona mtindo mpya akaenda kuujaribu nyumbani. Huo ni mwaliko ule ule wa chuo kikuu, ila ulifanyika uwanjani na bila ada.

Leo mialiko hiyo imepungua. Vijana wengi wana muziki kwenye simu, na hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Hata ngoma inapoletwa shuleni, mara nyingi ni kwa ajili ya mahafali au kumpokea mgeni rasmi. Inachezwa dakika kumi, watu wanapiga makofi, basi. Mzee aliyefundisha anarudi shambani bila kuulizwa alichokuwa anakifahamu.

Kwa nini tunalisema sasa?

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Swali la kijijini ni nani atalifundisha. Mwalimu mmoja mwenye darasa lililojaa hawezi kuwa mchoraji, mwanamichezo na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Wapo watakaosema mzazi anataka mtoto afaulu hesabu na Kiingereza, si apulize kibuyu. Hoja hiyo ina uzito, na hatushauri kipindi cha hesabu kipunguzwe. Lakini somo la sanaa tayari lipo kwenye ratiba. Likikosa mjuzi, litabaki jina tu.

Tromboni ni ghali. Kibuyu kinaota nyuma ya nyumba. Kamati ya shule inaweza kumwalika mzee wa mganda au mama wa kioda, si kwa siku ya mahafali pekee, bali kwa vipindi kadhaa mfululizo. Apewe heshima ya mwalimu na kitu cha kumshukuru. Watoto wasimtazame tu: wapulize naye, akosoe, warudie. Na wale watakaopenda muziki wajue kwamba njia ipo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, vinafundisha muziki.

Kwa hiyo jibu letu kwa ndugu yetu wa Mkumbi ni hili: yule mtu mzima anapiga na wanafunzi ili akiondoka, wao waweze kuendelea. Je, kijijini kwako yupo anayejua kutengeneza lipenga la kibuyu? Na yupo kijana anayejifunza kwake? Tuandikie. Tutayasoma majibu yenu hewani.