Michezo ya video: soko limefurika, mnunuzi amegeuzwa mkaguzi

Mwaka 2024 peke yake, zaidi ya michezo mipya 18,000 iliingia kwenye Steam, duka kubwa la mtandaoni la michezo ya kompyuta. Ni karibu michezo 50 kila siku. Mingi huzama bila watu kujua kama ipo.

Tangu 2017, kampuni ya Valve yenye duka hilo humtoza mtengenezaji dola 100 kwa kila mchezo. Valve huangalia kama mchezo unafunguka na unalingana na maelezo yake. Kama ni mzuri au mbaya, hilo ni la mnunuzi.

Kufungua mlango kuliwafaa vijana wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Lakini hata wakubwa wanateleza. Desemba 2020, Sony iliondoa Cyberpunk 2077 kwenye duka lake wiki moja hivi baada ya kutoka, kwa sababu ya kasoro nyingi. Ulirudishwa Juni 2021.

Concord ulikuwa na shida nyingine. Uliuzwa dola 40 katika aina ya michezo ya kupigana ambayo mingi ni ya bure. Ulitoka tarehe 23 Agosti 2024, ukafungwa tarehe 6 Septemba na wanunuzi wakarudishiwa pesa zao. Mwezi uliofuata, Sony ilitangaza kufunga studio iliyoutengeneza, na wafanyakazi wakapoteza kazi.

Marekani ilishapitia hali hii. Mwaka 1982, Atari ilitoa mchezo wa E.T. uliotengenezwa kwa wiki tano hivi tu. Maduka yalijaa kaseti za kila aina, wazazi wakachoka kununua. Soko lililokadiriwa kuwa la dola bilioni 3 mwaka 1983 lilishuka hadi karibu milioni 100 mwaka 1985.

Nintendo ilipoingia huko, iliweka alama yake ya ubora kwenye kaseti na kuruhusu kila kampuni ya nje kutoa michezo mitano tu kwa mwaka. Imani ya wanunuzi ilirudi, ingawa watengenezaji walilalamikia mkono mzito wa Nintendo.

Leo kinga ya mnunuzi ni kurudishiwa pesa. Steam inakubali ombi ndani ya siku 14, ikiwa mchezo haujachezwa zaidi ya saa mbili. Lakini kasoro nyingine hujitokeza baada ya saa kumi.

Kwa mchezaji wa Goma, Bukavu au Bunia kuna hasara ya pili. Mchezo uliotoka haujaiva hufuatwa na marekebisho ya giga nyingi, na mega zilizotumika kuyapakua hazirudishwi na mtu. Kusubiri wiki chache na kusoma maoni ya waliotangulia kununua ndiyo kinga isiyogharimu kitu.

Maduka ya mtandaoni hayajazi rafu kama yale ya 1983, kwa hiyo soko linaweza lisianguke kwa kishindo. Hatari ni kwamba mchezo mzuri wa studio ndogo utakufa pamoja na mibovu, kwa kuwa mnunuzi aliyeumwa mara mbili hujaribu kitu kipya kwa shida.