Chumba cha Botini si Nyumba ya Mke



Juzi aliingia dukani kwetu bibi harusi mtarajiwa na mama yake mdogo, wameleta kitambaa cha nguo ya nikaha. Huku tunampima tunamuuliza yale ya kawaida: harusi lini, mtakaa wapi. Kwenye "mtakaa wapi" akacheka kidogo. "Kwenye boti," akasema. Tukadhani mzaha. Kumbe mchumba wake ni nahodha wa katamarani inayotembeza wageni upande wa Nungwi. Mwenye boti yuko Ulaya na hataki ilale peke yake hata usiku mmoja, kwa hiyo kijana analala humo mwaka mzima. Sasa ameona njia ya kuoa bila kulipa kodi ya nyumba: mke ahamie huko huko. Na kwa kuwa atakuwepo, atasaidia kuwapikia wageni.

Mama mdogo alikuwa amefura. "Mwanamke wa Kiislamu kuishi baharini! Lini ilionekana?" Sisi nasi tulikasirika, lakini si kwa hilo.

Ilionekana, mama, na bado inaonekana. Wabajau wa Sabah kule Malaysia, na ndugu zao wa kusini mwa Ufilipino, wengi wao ni Waislamu, na wameishi vizazi kwa vizazi ndani ya mashua zao ziitwazo lepa. Humo wanawake wamezaa, wamelea na wamepika. Srinagar, Kashmir, wapo Wahanji, Waislamu wenzetu, ambao ziwa Dal ndilo mtaa wao.

Na dini haikuwasahau watu wa vyomboni. Mtume (SAW) aliulizwa kuhusu maji ya bahari akasema ni tohara. Basi anayekutisha kwamba tangi likikauka utakosa josho anakutisha bure. Chumvi itakuwasha na nywele zitakuwa kama makumbi, lakini josho limeswihi. Sala ya faradhi utasali umesimama ukiweza, na ukihofia kizunguzungu utakaa. Kibla ndiyo shughuli, tusidanganyane: boti iliyotia nanga inazunguka na upepo na mkondo, unaweza kuhirimia vizuri ukafika rakaa ya tatu boti imegeuka, nawe inabidi ugeuke. Ni taabu, lakini si haramu.

Lipo jambo jengine ambalo sisi lilitufurahisha tulipofundishwa. Imamu Ahmad alisema baharia anayesafiri na ahali zake chomboni hafupishi Sala, kwa kuwa huyo yuko kwake. Sisi Mashafi tunamruhusu afupishe, lakini tunasema kukamilisha ni bora kwake. Kwa hiyo chombo kinaweza kuwa nyumba, na wanazuoni walilifikiria hilo kabla hatujazaliwa.

Sasa tumuulize kijana: hapo ni kwako? Boti ni ya tajiri, funguo ni za tajiri, na tajiri akiamua kuja na marafiki zake wiki mbili, wewe na mkeo mtahamia wapi?

Turudi Srinagar. Wahanji wanakodisha mashua kubwa za mbao ya mwerezi kwa wageni, na familia nyingi zinaishi katika mashua yao ndogo iliyofungwa nyuma yake. Mgeni ana mlango wake na mama wa nyumba ana wake. Kwenye katamarani ya wageni, milango ya vyumba inafungukia sehemu moja, na jiko liko hapo hapo katikati. Wageni wamevaa nguo za kuogelea, wana bia zao, wamelipa, hawana kosa kwetu. Wasaidizi wa boti ni wanaume. Huyu bibi harusi ushungi atauvua saa ngapi? Ndani ya kijumba ambacho hata kujinyoosha hawezi? Maskani ni haki ya mke, mahali panapomlaiki, anaposalimika yeye na mali yake, na halazimiki kuchangia na watu baki. Hilo analijua kila aliyekaa chuoni.

Na hilo la kupika! Mpishi wa boti analipwa. Huyu amepewa jina la mke ili asilipwe. Tukamuuliza, "Mshahara wako ni kiasi gani?" Akatazama chini.

Lakini kilichotuuma zaidi ni eda, ambayo hakuna mtu kwenye posa aliyeitaja kwa sababu ni mkosi. Sisi tunaitaja. Mume akifa, Mungu amuepushe, mke ana miezi minne na siku kumi za kukaa katika nyumba waliyoishi. Akimwacha, pia ana eda yake katika nyumba hiyo. Tajiri gani atazuia boti yake miezi minne? Asubuhi yake ataletwa nahodha mpya, na bibi yetu ataonekana pwani na begi lake.

Tunajua jibu: kodi ni ghali, vijana hawaoi. Kweli. Lakini harusi hii hii imeandikiwa nguo tano za bibi harusi, na sare za kina mama juu yake. Sisi ndio mafundi, tunakula humo, na bado tunasema: shoneni mbili. Pesa ya hizo tatu ilipie chumba kijijini Nungwi, chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Mume alale botini zamu zake, zikisha aje kwake. Na kama tajiri hataki kumpa hata usiku mmoja wa kurudi nyumbani, basi mwenye tatizo na ndoa hii ni tajiri, na kijana aende akazungumze naye kabla ya kuja kuzungumza na walii.

Bibi harusi akatuuliza, "Mngekuwa nyinyi, msingekwenda kabisa?" Mmoja wetu hutapika hata kwenye boti ya Dar, huyo asiulizwe. Mwengine alisema angekwenda, ikiwa boti ni ya mume, wageni hawalali humo, na kwanza afundishwe kuogelea. Hapo Nungwi mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea huku wamejisitiri, kwa hiyo hilo nalo si geni.

Ameondoka na maswali matatu ya kumpelekea mchumba: nani ana funguo, nani analipwa kwa kupika, na eda itakaliwa wapi. Kitambaa chake kiko kwenye rafu, hatujakikata.