Titan ililia, wakaendelea kuishusha

Nakiri: Juni 2023 nilisambaza vichekesho kuhusu nyambizi ya Titan kama watu wengine wote mtandaoni. Matajiri wamepondeka baharini wakienda kutazama mabaki ya Titanic, sisi huku tunahangaika na bei ya unga. Cheka, songa mbele. Halafu Oktoba 2025 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ikatoa ripoti yake, na kicheko kikaniisha.

Kumbe nyambizi ilikuwa imetoa ishara karibu mwaka mzima kabla.

Julai 15, 2022, ikirudi juu kutoka mbizi yake ya 80, waliokuwa ndani walisikia kishindo kikubwa. Kampuni yenyewe, OceanGate, ilikuwa imefunga vifaa vya kusikiliza ukuta wa chombo na kupima unavyojibana chini ya maji. Baada ya kishindo hicho vipimo vilibadilika. Wachunguzi wanasema Titan ilifaa kuondolewa kazini papo hapo. Ilirudishwa majini.

Ukuta wenyewe haukuwa wa chuma. Ulikuwa wa nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, zimeshikwa kwa gundi, unene wa karibu sentimita 13. Shida ya kitu kama hiki ni kwamba huoza kutoka ndani. Tabaka zinaachana, nyuzi moja moja zinakatika, na nje bado kunang'aa kama gari la shoo. Ndiyo maana kuna njia za kuupima bila kuuvunja. Kuna altrasaundi, ile ile ya kliniki ya wajawazito. Kuna hata kugonga kwa sarafu na kusikiliza kama kuna uwazi ndani, vile unavyogonga tikiti maji sokoni kabla hujalipa.

David Lochridge, aliyekuwa mkurugenzi wa shughuli za baharini pale OceanGate, alitaka ukuta wa kwanza upimwe hivyo. Alifutwa kazi 2018. Ukuta huo baadaye ulipata ufa, wakatengeneza wa pili. Vipande vya huo wa pili vilivyobaki kiwandani vilipochunguzwa, vilikutwa na mikunjo na vitundu. Yaani ulikuwa na kasoro kabla haujaguswa na maji.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usinitarajie niabudu vyeti. Stockton Rush, bosi wa OceanGate, alipolalamika kwamba sheria za usalama zinachelewesha ubunifu, sehemu fulani yangu ilimwelewa. Na nyuzi za kaboni si mchawi: karibu nusu ya uzito wa ndege ya Boeing 787 ni vitu vya aina hiyo, na watu wanapanda kila siku. Lakini kabla ya abiria kuingia, vipande kama hivyo huvunjwa makusudi hadi ijulikane vinastahimili nini.

Hapo ndipo Rush alipojidanganya. Alidhani vifaa vya kusikiliza vitachukua nafasi ya majaribio. Sauti inakwambia kitu kimekatika. Haikwambii kimebaki nguvu kiasi gani, kama hujawahi kuvunja vingine kama hicho ukalinganisha. Basi wakawa na data ya kilio na hakuna aliyejua kuisoma. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale watano waliokufa Juni 18.

Na baada ya kishindo kile? Msimu wa baridi ulipofika Titan iliegeshwa nje, kwenye barafu ya St. John's, Canada, ikingoja wateja wa mwaka uliofuata.